Wa kike au wa kiume? Swali la kliniki na jibu la Kurui

Ndugu msomaji, ikiwa katika miaka hii umepata kumsindikiza mkeo, dada yako au jirani yako kliniki, bila shaka chumba kile unakijua. Ni chumba chenye pazia zito, kitanda chembamba na mashine yenye kioo mfano wa televisheni. Mama hulazwa chali, hupakwa tumboni dawa nyororo yenye ubaridi, na mtaalamu hupitisha kifaa chake taratibu huku macho yake yako kwenye kioo. Hutazama moyo wa mtoto unavyopiga, kondo la nyuma limekaa wapi, mimba ina wiki ngapi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mja mzito apate kipimo hiki cha altrasaundi walau mara moja kabla mimba haijatimiza wiki 24. Pendekezo hilo si la anasa. Kondo lililoziba njia likijulikana mapema, mama hupelekwa panapostahili, naye huponea.

Lakini hebu kaa kwenye benchi la nje, usikilize. Mama akitoka chumbani haulizwi habari za kondo la nyuma. Haulizwi hata kama mtoto ni mzima. Huulizwa jambo moja tu: wa kike au wa kiume?

Mimi nilikaa kwenye benchi la namna hiyo asubuhi moja hapa Dar es Salaam. Mbele yangu alikuwapo baba kijana, shati lake limepigwa pasi vizuri, ameshika kadi ya kliniki ya mkewe kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika cheti cha mtihani. Mkewe alipotoka alisema kwa sauti ndogo, "Msichana tena." Yule baba hakufoka wala hakununa. Aliinuka, akasema anakwenda kununua vocha ya simu, na mpaka zamu ya mkewe kwenye dirisha la dawa ilipokwisha hakuwa amerudi. Mama yule akabeba mkoba wake mwenyewe mpaka kituoni.

Makala haya yanahusu neno hilo "tena".

Kwa hakika ni neno dogo, lakini zipo nchi ambako limeteketeza watoto wengi kuliko vita. Nchini India vipimo vya kuchunguza maji ya chupa ya uzazi viliingia katika miaka ya 1970, na baada yake mashine za altrasaundi zikaenea mpaka miji midogo. Ikumbukwe kwamba huko wazazi wa binti ndio wanaotoa mali wakati wa kuoza, siyo wazazi wa kijana. Kwa hiyo yalitokea matangazo ya kliniki yaliyowashauri watu watoe rupia mia kadhaa leo, wajiepushie maelfu ya kesho. Kila msomaji wa tangazo alielewa kinachosemwa: pima, na akiwa wa kike mtoe.

Serikali ya huko haikukaa kimya. Jimbo la Maharashtra lilipiga marufuku vipimo vya kutafuta jinsia mwaka 1988. Bunge la nchi nzima likatunga sheria mwaka 1994, ikaanza kutumika 1996, ikakazwa tena mwaka 2003. Daktari aliyemwambia mzazi jinsia ya mtoto aliye tumboni alistahili jela. Matokeo yakawaje? Sensa ya 2001 ilihesabu wasichana 927 wenye umri chini ya miaka saba kwa kila wavulana 1,000. Sensa ya 2011, yaani baada ya miaka kumi mingine ya sheria, ilikuta hesabu imeshuka chini ya 920, na katika jimbo la Haryana walikuwa 834 tu. Daktari alinyamaza kama sheria ilivyotaka, lakini alipoandika cheti alitabasamu au alikunja uso, na mzazi akaelewa. Mwezi Januari 2015 Waziri Mkuu Narendra Modi alikwenda Panipat, katika jimbo hilohilo la Haryana, kuanzisha kampeni ya kuwaokoa na kuwasomesha mabinti.

Korea ya Kusini ilipita njia hiyohiyo, lakini ikafika pengine. Nayo iliwafunga madaktari midomo kwa sheria ya mwaka 1987. Mwaka 1990 walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100, wakati maumbile yenyewe hutoa wavulana kama 105 hivi. Ndugu msomaji, pima mwenyewe nguvu ya sheria hiyo. Kilichofuata ndicho cha kutazamwa. Katika nchi ile kila familia iliandikishwa serikalini chini ya mkuu wake mwanamume. Baba akifa, ukuu ulikwenda kwa mwana wa kiume hata akiwa mtoto mdogo, na mama yake mzazi akaandikwa chini yake. Asiye na mwana wa kiume alihesabiwa kuwa nyumba yake imezimika. Sheria ya familia ikaanza kurekebishwa. Kwanza mabinti wakapewa haki sawa ya urithi, halafu mwaka 2005 mfumo wenyewe wa mkuu wa kaya ukafutwa, na kufikia Januari 2008 daftari hilo likawa halipo tena. Wakati huohuo wasichana walikuwa wamejaa vyuoni na maofisini, wakiwatunza wazazi wao kwa mishahara yao wenyewe. Kabla muongo huo haujaisha uwiano wa watoto wanaozaliwa ulikuwa umerudi kwenye maumbile. Mwezi Februari 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilifuta kabisa marufuku ya madaktari kusema jinsia, kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

Basi India iliizuia mashine, na watu wakaizunguka. Korea iligusa kile ambacho mtoto wa kiume peke yake aliweza kumpa mzazi, na mashine ikakosa wateja.

KWETU HESABU INASEMAJE?

Kwetu Tanzania hatujafika huko, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi, maana wako wanaopenda kututisha kwa mambo ya ugenini. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Hakuna pengo la mabinti katika hesabu hiyo. Tena kutoa mimba ni kosa katika Kanuni za Adhabu, na atakayemtoa mwenzake anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Lakini wataalamu wa idadi ya watu wanatufundisha kwamba janga hilo huhitaji mambo matatu yakutane: watu wapende wavulana kuliko wasichana, mashine iwepo karibu, na wazazi watake watoto wachache. Mwenye watoto wanane hachagui. Katika wanane hao wavulana hawakosi. Anayetaka wawili ndiye anayehesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 4.8, na mijini ni chini ya hapo. Wewe unayesoma gazeti hili katika chumba cha kupanga Buguruni au Mbagala unajua kwa nini: kodi ya nyumba, ada, nauli. Mashine nayo imefika. Kati ya mambo yale matatu, mawili tayari tunayo au yako njiani.

La tatu je? Hapo ndipo tunapojidanganya. Husemwa kwamba Mwafrika hambagui mtoto. Twende taratibu. Ni nani asiyemjua mama aliyezaa mabinti wanne, watano, sita, akiwa bado anatafuta? Ni nani hajasikia habari ya mume aliyeoa mke wa pili, siyo kwa mapenzi bali kwa sababu wa kwanza "hazai wanaume"? Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara iko desturi ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, "akaoa" mwanamke kijana, ili azaliwe mtoto wa kiume wa kuushika mji. Wako wanaoisifu kwa kuwa humpa mjane hifadhi. Nami naona hifadhi hiyo. Lakini naiona pia hukumu iliyomo: kwamba mama huyu na mabinti zake wote hawakutosha kuushika mji wao wenyewe.

Kwetu basi mtoto wa kike hauawi tumboni. Mama yake ndiye anayeadhibiwa, naye huadhibiwa kwa kosa asilolitenda. Hili linafundishwa shuleni, lakini baba wengi huliacha darasani pamoja na daftari. Yai la mama siku zote hubeba kromosomu ya aina ya X. Mbegu ya baba ndiyo yenye aina mbili: ikitangulia yenye X huzaliwa msichana, ikitangulia yenye Y huzaliwa mvulana. Kwa hiyo mume anayemfukuza mke kwa kuzaa wasichana ni sawa na mkulima aliyepanda mtama, akaja kuligombeza shamba kwamba halikuota mahindi.

WAZARAMO WALIHESABU VINGINE

Nimesema Korea ilibadili desturi, na najua msomaji mmoja ameshatikisa kichwa na kusema kwamba desturi ya Mwafrika haibadiliki, kwamba mtoto wa kiume ndiye mrithi tangu enzi za mababu. Ndiyo maana namwomba afunge safari fupi pamoja nami. Hatuhitaji kupanda ndege. Tunatoka hapa mjini, tunapita Pugu, tunafika Kisarawe, tunaendelea mpaka kata ya Kurui, katika nchi ya Wazaramo. Wasomaji wetu wengi wa Temeke na Gongo la Mboto wana bibi au shamba la mikorosho upande huo, na huko kwa bibi ndiko ushahidi uliko.

Kwa mila ya Mzaramo mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Kwa baba alipata jina la mtala, na jina hilo lilikuwa na heshima yake, lakini ukoo wenyewe, ile damu inayotambikiwa, ulipita kwa mama. Sasa fanya hesabu kama walivyoifanya wazee wa Kurui. Mama akizaa wavulana saba watupu, watoto wa wavulana hao wote watakuwa wa koo za wake zao. Ukoo wa mama yule umekoma. Akizaa binti mmoja, ukoo una mlango. Katika nyumba ya namna hiyo mtu angesema "msichana tena" na watu wangepiga vigelegele.

Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Katika mafunzo yake alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, kiwiliwili tu na kichwa kilichochongwa mfano wa nywele zilizosukwa. Alikiosha, alikipaka mafuta, alikilea kama mtoto. Kilikuwa ni ukoo wenyewe uliokabidhiwa mikononi mwake. Siku ya kutolewa, ngoma ililia na jamaa wa pande zote walikuja kumwona. Vinyago hivyo leo viko vingi katika makumbusho ya Ulaya, ambako watu huvitazama kupitia vioo na kusifu ufundi wa mchongaji.

Sitaki nieleweke vibaya. Uzaramo haukuwa pepo ya wanawake. Ukoo ulipita kwa mama, lakini kauli ilikuwa ya mjomba. Yeye ndiye aliyeamua binti aolewe na nani, na mali ya mjomba ilielekea kwa wapwa zake wa kiume. Mwali aliwekwa ndani miezi mingi, wengine mwaka na zaidi, na siku hizo zote hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alithaminiwa kama mwembe unavyothaminiwa, kwa matunda yake. Mwalimu Nyerere hakuwa na haya kulisema jambo hili. Katika waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967, alipokuwa akiyasifu maisha ya jadi, alikiri kwamba yalikuwa na kasoro, na mojawapo ni jinsi mwanamke alivyowekwa chini na kubebeshwa kazi kupita sehemu yake.

Ninachokitaka kutoka Kurui ni ushahidi mmoja tu: kwamba hakuna maumbile wala amri ya mababu wote wa Afrika inayosema mtoto wa kiume ndiye nyumba. Hapa jirani kabisa na jiji letu, wazee wenye ndevu walihesabu kinyume chake kwa vizazi na vizazi.

Nini kilibadilika? Uislamu ulikuja na mirathi inayopita kwa baba. Mikorosho na minazi ikaja, miti anayoipanda baba kwa mikono yake na kutaka aiachie wanawe badala ya wapwa. Na kazi za mjini zikaja, zikamlipa mwanamume mshahara mkononi mwake. Mjomba akasogezwa kando. Lakini alipoondoka mjomba, hakuingia mama. Aliingia baba, na pamoja naye fikra kwamba binti ni mpita njia, atakwenda kwa watu.

Kuhusu Uislamu sharti niongeze neno, maana mara nyingi dini husingiziwa. Kurani iliwashutumu vikali Waarabu wa zama za ujahili waliokuwa wakiwazika mabinti zao wakiwa hai, na katika Sura ya An-Nahl anatajwa kwa kulaumiwa baba ambaye uso wake husawijika apewapo habari ya kuzaliwa binti. Baba yule wa kwenye benchi la kliniki angejiona humo. Na binti aliwekewa fungu lake linalojulikana, ambalo hakuna kaka mwenye ruhusa ya kulimeza. Ni mara ngapi, ndugu msomaji, fungu hilo humezwa kwa jina la "desturi" na watu haohao wanaofunga na kuswali?

SHULE, NDOA NA SHAMBA

Serikali imejaribu mengi, na baadhi yake yameonekana Kisarawe kwenyewe. Wakati Jokate Mwegelo alipokuwa Mkuu wa Wilaya hiyo, kuanzia mwaka 2018, ilianzishwa kampeni ya Tokomeza Zero ya kupandisha matokeo ya mitihani ya kidato cha nne, na wilaya ikajenga shule ya sekondari ya bweni ya wasichana. Jambo la bweni si dogo katika wilaya ile. Msichana anayetembea mwendo mrefu kwenda shule ya kata, na kurudi giza limeingia, hana haja ya baba mkatili ili aache masomo. Njia yenyewe inatosha. Mwezi Juni 2017 lilitolewa tamko kwamba msichana aliyepata mimba asirudi shuleni. Mwezi Novemba 2021 Serikali ililigeuza, wakaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Ni vizuri. Hata hivyo mlango kufunguliwa ni jambo moja, na bibi wa kubaki na mtoto mchanga wakati mama yake yuko darasani ni jambo jingine, ambalo waraka wa wizara hauwezi kulitoa.

Katika ndoa hali ni ya kusikitisha zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo wakati wake ilisifiwa kuwa ya kimaendeleo kweli, iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18 na kwa msichana 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata 14. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaagiza virekebishwe katika mwaka mmoja. Serikali ilikata rufani. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo na kushikilia hukumu ile. Mwaka mmoja ulipita bila kifungu kuguswa. Gazeti hili ni la Chama, na kwa sababu hiyohiyo lina wajibu wa kusema kwamba kungoja huko hakukuleta sifa kwa yeyote.

Lakini kwa maoni yangu mzizi hasa uko kwenye shamba na nyumba. Muulize baba yeyote, polepole, mbali na wenzake, kwa nini anamtaka mvulana. Atazunguka, halafu atasema: nani ataurithi mji wangu? Swali hilo ndilo Korea ililijibu.

Kwetu lilijibiwa vibaya kwa muda mrefu. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mila kwa makabila yanayofuata upande wa baba, liliwapanga warithi kwa madaraja: mwana wa kwanza wa kiume peke yake katika daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume katika la pili, na mabinti wote kwa jumla katika la tatu. Shamba la ukoo binti aliruhusiwa kulitumia maisha yake, asiliuze. Wazaramo, kwa ukoo wao wa upande wa mama, hawakuwa ndio waliolengwa. Hata hivyo keti kwenye kikao chochote cha arobaini hapa mjini, uwasikilize watu wa makabila yote wakigawa nyumba ya marehemu kana kwamba kanuni zile ziliteremshwa kwa Watanzania wote.

Wilayani Muleba, mkoani Kagera, bibi mmoja mtu mzima, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Akalea uzee wake nalo mpaka akaona heri aliuze, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshitaki: mwanamke wa Kihaya hauzi shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Mahakama ya Wilaya ikamkubalia bibi, ikisema Katiba sasa ina haki za binadamu ndani yake. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke anaweza kuliuza shamba lake kwa masharti yaleyale anayouzia mwanamume. Wanasheria husoma hukumu hiyo mpaka leo. Ni hukumu ya bibi kizee ambaye hakutaka umaarufu wowote. Alitaka pesa ya kuishi.

Baada ya hapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ikasema kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Katika kila Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu sharti wawe wanawake. Mwaka 2000 neno jinsia likaingizwa ndani ya ibara ya 13 ya Katiba miongoni mwa mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo. Hata hivyo kanuni za urithi za 1963 zikaachwa mahali pake, kiasi kwamba wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka shauri lao mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaona kwamba nchi yetu imewakosea.

Kwa hiyo sheria ya shamba la kijijini inamkumbatia binti na kanuni ya mirathi inamsukuma. Katikati ya hizo mbili yuko baba, na katika jambo hili baba ana nguvu kuliko anavyodhani, kwa sababu hakuna anayemkataza kuandika.

Wengi huogopa wosia kana kwamba ni kujitabiria kifo. Ni karatasi. Kwa mila zile zilizoandikwa, ajuaye kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma, mmoja ndugu na mmoja asiye ndugu. Wakala wa Serikali wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, tunaouita RITA, husaidia kuuandika na huutunza wosia mpaka utakapohitajika, ili asitokee ami wa kuukuta kabatini na kuuchana. Mwislamu hawezi kumwongezea mrithi fungu kwa wosia bila ridhaa ya wenzake, lakini ana njia ya hiba: ampe bintiye shamba au chumba yeye mwenyewe akiwa hai na akili timamu, amkabidhi mbele ya watu, na jina libadilishwe. Mafundisho yanayowataka wazazi wawe waadilifu katika vipawa wanavyowapa watoto wao yanajulikana na kila aliyesoma chuoni.

Na kwa wenzetu wenye kiwanja cha mjini, ambao ndio wengi wa wasomaji wa ukurasa huu: kitoe kile kijikaratasi cha mauziano mlichokiweka chini ya godoro, kilichogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, uangalie ni jina la nani limeandikwa. Aghalabu ni la baba peke yake. Wakati mwingine ni la mtoto wa kiume mwenye miaka minne, ambaye hajui hata kiwanja kiko wapi, ilhali dada yake mwenye miaka kumi na sita ndiye aliyesomba maji ya kufyatulia tofali. Karatasi hiyo inaweza kuandikwa upya kabla ya mwezi huu kwisha. Mjumbe wa nyumba kumi anapajua nyumbani kwenu, na ofisi ya mtaa hufunguliwa Jumatatu.